Separasi, sekurini au topoisomerasi II: uchukue ipi kwa mradi wa mwaka wa mwisho?

Binti mmoja wa mwaka wa tatu alinifuata maabara hapa Kampala akiwa na daftari lenye mistari mitatu tu, majina ya protini tatu za mgawanyiko wa seli: separasi, sekurini, topoisomerasi II. "Shikamoo mwalimu. Msimamizi anataka jina moja kabla ya Ijumaa, na mimi nimekwama." Nikamwitikia, nikamvutia kiti. Kwao ni Arua, Kiswahili amekikuta nyumbani, kwa hiyo tuliongea kwa Kiswahili mpaka mlinzi akaja kufunga mlango. Nimeyaandika hapa tuliyoyaongea, kwa sababu najua yuko mwingine Mbarara, Gulu au Jinja mwenye mistari hiyohiyo daftarini.

Tuanze na tatizo ambalo protini hizi zinalitatua. Seli ya binadamu ina kromosomu 46. Kabla ya kugawanyika inanakili zote, kila kromosomu ikawa na pacha wake, na pacha hao wanabaki wameshikana mpaka dakika ya kuachana. Kuna mambo mawili yanayowashikanisha, na wanafunzi wengi wanalijua moja tu. La kwanza ni pete za protini iitwayo kohesini, zinazowazunguka wote wawili kwa pamoja. La pili ni nyuzi za DNA zenyewe, ambazo zikinakiliwa zinabaki zimejisokota moja ndani ya nyingine.

Fikiria misuko miwili ya nywele iliyofungwa pamoja kwa mpira, na juu ya hapo imesokotana. Ukikata mpira bila kufumua, bado imeshikana. Ukifumua bila kukata mpira, bado imeshikana. Separasi ndiyo inayokata mpira. Topoisomerasi II ndiyo inayofumua. Sekurini inaushika mkono wa mwenye mkasi mpaka saa ifike.

Nimezilinganisha kwa vigezo vinne: kazi yake ndani ya seli na ugumu wa kuieleza, data unayoweza kuipata bure, kazi ya mikono inayowezekana katika maabara zetu, na uhusiano wake na wagonjwa tunaowajua. Sikuweka umaarufu wa jina. Nimeona miradi iliyochaguliwa kwa sababu jina lilisikika geni, na mwezi wa tatu mwenyewe hana cha kupima.

Kazi ndani ya seli

Separasi ni kimeng'enya kinachokata protini, na ni kikubwa: asidi amino 2,120, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, katika mnyororo mmoja. Jeni lake, ESPL1, liko kwenye kromosomu ya 12. Kinachokatwa ni RAD21, kipande kinachofunga pete ya kohesini, na kinakatwa mahali pawili panapojulikana: baada ya arginini (asidi amino mojawapo) iliyo nafasi ya 172 na baada ya ile iliyo nafasi ya 450. Pete ikifunguka, mikrotubuli, kamba za seli zilizokuwa zimekaza kutoka pande mbili, zinawavuta pacha, kila mmoja kwake.

Kinachonivutia mimi ni kwamba hatua hii haina kurudi nyuma. Protini iliyokatwa haiungwi. Seli ikikosea hapo, seli moja kati ya mbili zinazotokea itapata kromosomu 47 na mwenzake 45. Kwa hiyo separasi inafungwa kwa kufuli mbili: sekurini, na kundi la protini mbili nyingine, CDK1 pamoja na saiklini B1. Funguo ziko mahali pamoja, kwenye mtambo wa seli uitwao APC/C, unaozitia sekurini na saiklini B1 alama ya kuharibiwa. Mtambo huo nao unazuiwa mpaka kila kromosomu iwe imeshikwa na mikrotubuli pande zote mbili. Ikibaki moja tu inayoelea, zote 46 zinangoja. Habari hii ilianza kufahamika kwa hamira, hiihii ya kuumulia mandazi. Mwaka 1999 kikundi cha Kim Nasmyth huko Vienna kilionyesha kwamba pacha wa hamira wanaachana pale kipande cha kohesini kinapokatwa, na mwaka 2000 kikaonyesha kwamba mkataji ni separasi yenyewe.

Tahadhari moja, kwa sababu kosa hili nalikuta kila mwaka: usiandike kwamba separasi inakata pete zote. Katika seli za binadamu, pete nyingi zilizo kwenye mikono ya kromosomu huondolewa mapema, katika profezi, hatua ya mwanzo ya mgawanyiko, bila kukatwa. Separasi inamalizia zilizobaki, hasa kiunoni, kwenye sentromia, ambako protini nyingine iitwayo shugoshini ilikuwa ikizilinda.

Sekurini ni ndogo: asidi amino 202, jeni PTTG1, kromosomu ya 5. Ikiwa peke yake haina umbo la kudumu, ni kama uzi uliolegea. Ikikutana na separasi inajilaza juu yake na kuziba mahali pa kukatia, ikijifanya chakula kisichokatika. Hapa pana utamu wake: sekurini pia huisaidia separasi kukunjwa vizuri inapotengenezwa. Ni mlinzi na mlezi kwa wakati mmoja. Panya wasio na sekurini huzaliwa na kuishi, ilhali wasio na separasi hufa wakiwa bado viinitete. Tofauti hiyo peke yake inatosha sura nzima ya majadiliano kwa mwanafunzi anayependa kubishana na data.

Topoisomerasi II alfa ina asidi amino 1,531, jeni TOP2A kwenye kromosomu ya 17, na hufanya kazi wawili wawili. Inakata nyuzi zote mbili za DNA moja, inazishikilia ncha kwa asidi amino yake ya 805, tairosini, inapitisha DNA nyingine katikati ya mwanya, kisha inaunga ilipokata. Inatumia ATP, nishati ya seli. Tofauti yake na separasi ni hiyo: hii inarudisha ilichokata. Kuieleza kwa maneno ni kazi kidogo, lakini mpe msikilizaji kamba mbili zilizopitana, ataelewa kwa dakika moja.

Data ya bure

Zote tatu ziko UniProt, hazina ya protini mtandaoni, bila malipo: separasi ni Q14674, sekurini ni O95997, topoisomerasi II alfa ni P11388. Andika namba, usiandike jina, maana ukiandika jina utaletewa na protini za viumbe vingine.

Kwa separasi, umbo la ile ya binadamu ilivyokumbatiana na sekurini, na pia ilivyofungwa na CDK1 na saiklini B1, lilichapishwa mwaka 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2017, yalitoka maumbo ya hamira na ya mnyoo. Kwa hiyo una mwanadamu, hamira na mnyoo wa kulinganisha, na huo ni mradi kamili wa kompyuta. Ila faili ni zito. Simu itahangaika nalo na bando litaisha, kwa hiyo lifungue kwenye kompyuta ya maktaba.

Sekurini ndiyo rafiki wa mwenye simu. Fungua mfuatano wake, ambapo kila herufi ni asidi amino moja, usome mwanzo: M-A-T-L-I-Y-V-D-K-E-N. Herufi ya 9, ya 10 na ya 11 ni K, E, N. Hiyo ni mojawapo ya alama ambazo APC/C inazitafuta ili iitie sekurini muhuri wa kuharibiwa. Endelea mbele kidogo, kuanzia herufi ya 61, utaona R-K-A-L: hiyo ni alama ya pili. Yule binti alizipata mwenyewe kwa kidole kwenye kioo cha simu, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe imeandikwa." Imeandikwa. Ukiweka karibu sekurini za wanyama wengine ukaangalia ni herufi zipi hazijabadilika, tayari una jedwali la kwanza la matokeo.

Topoisomerasi II ina data nyingi kuliko zote mbili, kwa sababu ni shabaha ya dawa. Kuna maumbo yake ikiwa peke yake, ikiwa na DNA, ikiwa na dawa ndani. Shida yake ni wingi: usipojiwekea swali dogo utasoma mpaka muhula uishe.

Kazi ya mikono

Hapa ndipo ninapowaomba mkae na kufikiri, kwa sababu ndipo miradi inapofia.

Kupima separasi yenyewe ikikata ni kazi ngumu. Inahitaji kimeng'enya kilicho hai, ambacho ni kikubwa na kigumu kutengeneza, au seli zilizowekewa kipima-mwanga na darubini ya kufuatilia seli hai. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza asijitwishe. Lakini matokeo ya separasi unaweza kuyaona kwa vitu vilivyopo. Katika maabara nyingi za malaria hapa Uganda kuna chupa ya Giemsa. Rangi hiyohiyo ndiyo inayotumika kupaka kromosomu. Chembe nyeupe za damu zikikuzwa kwa siku tatu hivi, zikasimamishwa katikati ya mgawanyiko kwa dawa ya kolsemidi, zikavimbishwa kwa maji ya chumvi hafifu ya potasiamu, zikatiwa methanoli na asidi asetiki ili zihifadhike jinsi zilivyo, kisha ukazidondosha kwenye slaidi na kuzipaka Giemsa, utaona kromosomu zenye umbo la X. Angalia ile X vizuri. Mikono imeachana, kiuno kimeshikana. Kilichobaki kiunoni ni kazi ambayo separasi haijaruhusiwa kuifanya. Sijui picha nyingine inayoonyesha kohesini ya sentromia kwa bei hiyo.

Kama hamna chumba safi cha kukuzia seli, rudi kwa kitunguu. Kiweke juu ya glasi ya maji, mizizi itatoka baada ya siku mbili tatu. Kata ncha ya mzizi, milimita chache tu, ilainishe kwa asidi hidrokloriki yenye joto, ipake rangi ya asetokamini, funika kwa kioo kidogo na ubonyeze kwa kidole gumba bila kuteleza, maana ukiteleza seli zote zinajikunja. Utaona anafezi waziwazi, mafungu mawili ya kromosomu yakikimbiana kama vidole vya mikono miwili inayoachana. Kumbuka tu kuandika kwamba kitunguu kina separasi na topoisomerasi zake, si za binadamu.

Sekurini kwa mikono inadai antibodi, protini inayoinasa ili ionekane, na antibodi inadai baridi isiyokatika. Nimewahi kupoteza antibodi ya miezi mitatu ya kungoja kwa sababu stima ilikatika wikendi na friji ilikuwa peke yake. Kama idara yako haina jenereta ya uhakika, fanya sekurini kwa kompyuta.

Topoisomerasi II ndiyo yenye kipimo kizuri kuliko vyote, na kina harufu ya nyumbani. Kipimo hicho hutumia DNA ya kinetoplasti, wavu wa maelfu ya vipete vya DNA vilivyounganishwa kama mnyororo wa shingoni. Wavu wa namna hiyo unapatikana kwa vijidudu vya ukoo wa tripanosoma, haohao waletao malale, ugonjwa ulioangamiza watu wa Busoga na visiwa vya Ziwa Nyanza mwanzoni mwa karne iliyopita. Unaochukuliwa kwa kipimo kwa kawaida ni wa Crithidia fasciculata, jamaa yao anayekaa tumboni mwa mbu na asiyemdhuru mtu. Unachanganya wavu, kimeng'enya na ATP, unapitisha kwenye jeli ya agarosi, inayoichuja DNA kwa ukubwa. Wavu mzima ni mkubwa, unabaki kishimoni. Vipete vilivyofunguliwa vinashuka na kuonekana kama mstari chini. Jibu ni ndiyo au hapana, kwa macho, na vifaa vya jeli viko katika idara nyingi. Kinachogharimu ni kuagiza kimeng'enya na wavu kutoka nje, tena kwa barafu. Agizeni wanafunzi wawili watatu pamoja.

Onyo: usiweke etoposidi kwenye mpango wako kwa sababu tu umesoma inazuia topoisomerasi. Ni dawa ya saratani. Kuishika na kuitupa kuna masharti ambayo maabara ya kufundishia kwa kawaida haiyawezi.

Wagonjwa tunaowajua

Topoisomerasi II ina njia fupi kutoka kwenye jeli hadi wodini. Etoposidi na doksorubisini, zinazotumika kutibu saratani nyingi, hufanya kazi kwa kukinasa kimeng'enya hiki kikiwa kimekata DNA na kabla hakijaiunga. Mkasi unageuka jeraha, na seli inayogawanyika haraka inakufa. Uganda ilishiriki katika utafiti wa nchi kadhaa kuhusu saratani ya Kaposi sakoma kwa wenye VVU, uliochapishwa mwaka 2020, uliolinganisha dawa za paklitakseli, etoposidi, na bleomisini pamoja na vinkristini, huku wote wakiendelea na dawa za VVU. Paklitakseli ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Ukichukua topoisomerasi, utaje hilo. Msimamizi makini atauliza, na jibu la kweli litakupa heshima: kimeng'enya kuwa shabaha nzuri hakufanyi dawa yake iwe bora kwa kila ugonjwa.

Kuna kishawishi cha kuitia Burkitt limfoma, saratani inayowapata watoto, kila mahali, kwa sababu daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa hospitali ya Mulago hapa Kampala mwaka 1958, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza mwaka 1967 kwa ajili ya watoto wenye ugonjwa huo. Naelewa fahari hiyo, ninayo na mimi. Lakini vinkristini, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huo, inashambulia mikrotubuli, si protini yoyote kati ya hizi tatu. Usilazimishe.

Separasi haina dawa iliyoidhinishwa inayoilenga. Uhusiano wake na watu uko kwingine: kuzaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada. Makosa hayo mara nyingi hutokea katika meiosisi, mgawanyiko unaolitengeneza yai la mama, na kohesini ya yai ni ya zamani sana, imewekwa kabla mama mwenyewe hajazaliwa. Pete zinapochakaa kwa umri, mgawanyiko unakosea. Mwanafunzi anayetaka kuieleza familia yenye mtoto wa hali hiyo kwa lugha ya upole ana mada kubwa hapa, kubwa kuliko mkasi wenyewe.

Sekurini ilijulikana kwanza kama jeni la uvimbe wa tezi ya pituitari, ndiyo maana ya herufi PTTG, na ilipatikana mwaka 1997 kwa panya wa maabara. Mwaka 1999 ndipo ilipotambuliwa kuwa ndiyo sekurini yetu. Huwa nyingi kupita kiasi katika uvimbe wa aina kadhaa.

Nani achukue ipi

Kuhusu vibali, kwa ufupi: kazi ya kompyuta tupu na ya kitunguu huenda haraka. Ukigusa damu ya mtu, hata yako, unahitaji kamati ya maadili, na kuna usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Hesabu miezi, si majuma.

Kama una darubini nzuri, msimamizi anayejua kukuza chembe za damu, na muda wa kungoja kibali, chukua separasi kupitia zile X za Giemsa. Utakuwa na picha zako mwenyewe, na swali unaloweza kulitetea mbele ya jopo. Kama una darubini na kitunguu tu, bado separasi inawezekana, ila andika kichwa cha habari kinachosema mgawanyiko wa seli, usiahidi protini ya binadamu.

Kama unaelekea famasia, tiba, au kazi ya saratani, na idara ina jeli pamoja na njia ya kupokea mzigo wa barafu, topoisomerasi II itakubeba mbali. Vivyo hivyo kwa anayetoka kwenye utafiti wa malale: ule wavu ni daraja lako.

Kama unapenda maswali ya kwa nini panya huyu anaishi na yule anakufa, au unataka kuonyesha jinsi protini isiyo na umbo inavyofanya kazi mbili zinazopingana, sekurini ni yako. Ni yako pia kama huna pesa ya vifaa. Mradi mzuri wa mfuatano unaweza kutoka kwenye simu, kompyuta ya maktaba na daftari.

Wapo watakaoniuliza mbona sijaweka shugoshini, ambayo jina lake ni la Kijapani, roho mlinzi. Nawaonea huruma kuianza kabla hawajaijua separasi, kwa kuwa kazi yake yote ni kulinda pete zisiondolewe kabla ya saa. Ifanyeni sura ya mwisho ya mradi wa separasi.

Na kama ni Alhamisi usiku, jina linatakiwa kesho, na bado hujui, fungua O95997 sasa hivi. Hesabu kwa kidole mpaka herufi ya tisa. Kama ukiiona K-E-N umetaka kujua APC/C inaishikaje, andika sekurini. Kama umetaka kujua kinachotokea sekurini ikishaondoka, andika separasi. Kama hakuna lililokugusa na akili yako bado iko kwenye ile misuko ya nywele, andika topoisomerasi, kisha asubuhi tafuta wenzako wawili wa kuagiza pamoja.